Laana ni kesi isiyo na shahidi

Docilianus, mtoto wa Brucerus, aliibiwa joho lake lenye kofia mjini Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, enzi za utawala wa Warumi. Hakuwa na mtuhumiwa wala shahidi. Akachukua kibati chembamba cha madini ya risasi, akachora juu yake maneno ya kumlaani aliyelichukua, awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au mwungwana: mungu wa kike Sulis amfishe, amnyime usingizi, amnyime watoto sasa na baadaye, mpaka alilete joho hekaluni. Kibati akakitumbukiza kwenye chemchemi ya maji moto ya Sulis, na shauri likawa limefikishwa.

Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji maelezo marefu hapo. Weka msikiti mahali pa chemchemi, weka kitabu cha majina ya watu wa Badri mahali pa kibati, umepata albadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi asiyejulikana. Watu wa Bath na watu wa pwani yetu hawakuwahi kuonana wala kufundishana, lakini wamefika penye utaratibu mmoja, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuieleza. Mazungumzo mengi ya laana hukwama kwenye ubishi wa inashika au haishiki. Mimi naona lenye faida ni kuuliza hutumika wapi na imeundwaje. Ukichunguza utakuta laana zile rasmi, zenye maneno yake na watu wake maalumu, karibu zote zimewekwa kwa ajili ya kosa lililofanyika gizani, pale ambapo hakimu angeuliza “shahidi wako nani?” na mdai akanyamaza.

Turudi Bath kidogo, maana pale ushahidi upo wa kushikika. Wachimbaji walioongozwa na Barry Cunliffe waliifukua chemchemi ile mwaka 1979 na 1980, wakatoa vibati karibu 130 vya risasi, vingine risasi iliyochanganywa na bati. Roger Tomlin alivisoma na kuvichapisha mwaka 1988. Vingi ni vya kati ya karne ya 2 na ya 4, na karibu vyote vinahusu wizi: joho, glavu, nguo ya kuogea, pete, sarafu chache. Watu walivua nguo kwenda kuoga, wezi wakapita. Risasi ilikuwa rahisi kupatikana, ni laini, hufuliwa ikawa bapa kwa nyundo na huchorwa bila shida. Mtu alikwaruza maneno yake kwa kalamu ya chuma, akakunja kibati au akakiviringisha, kisha akakitupa majini. Wengine waliandika neno moja moja kinyumenyume. Hati za mkono zinatofautiana karibu kibati kwa kibati, kwa hiyo haikuwa kazi ya mwandishi mmoja aliyekaa pale akipokea ada. Kila mtu alijiandikia, na kimojawapo kinasema wazi kwamba kimenakiliwa kutoka kwenye karatasi. Vipo hata vibati vyenye mikwaruzo mitupu inayoiga maandishi. Asiyejua kusoma naye alikuwa na mashtaka yake.

Lililonivutia kuliko yote ni ujanja wa kisheria. Mwanamke aitwaye Basilia hakuishia kumwapiza aliyeiba pete yake ya fedha. Kwanza aliitoa pete hiyo, ambayo hakuwa nayo, kuwa sadaka kwa hekalu la mungu Mars. Tangu hapo mwizi hakuwa ameshika mali ya Basilia tena, ameshika mali ya mungu, na kesi imehamia kwa mwenye mkono mrefu. Kisha akaongeza kifungu cha pili: anayejua habari za pete na kunyamaza naye ameingia, damu yake, macho yake, viungo vyake vyote, hata utumbo wake uliwe. Mtu mwingine, Docimedis, aliyepoteza glavu mbili, alitaka mwizi apoteze akili na macho. Adhabu hailingani na kosa hata kidogo, na ndivyo inavyotakiwa iwe: tishio lazima lizidi thamani ya kitu, la sivyo mwizi atapiga hesabu na kubaki nacho.

Albadiri inakwenda hivihivi. Vita vya Badri vilipiganwa tarehe 17 Ramadhani mwaka wa 2 Hijria, yaani Machi 624, na kwa hesabu iliyozoeleka Waislamu walikuwa 313 dhidi ya Makureshi wapatao 1,000. Majina ya hao 313 yamekusanywa kwenye vitabu vya dua, na kuyasoma ni kuomba kwa heshima yao. Aliyeibiwa huenda kwa mwalimu au shehe, hueleza kilichopotea, na kabla ya kusomwa chochote hutolewa tangazo: msikitini, mtaani, siku hizi hata kwa kipaza sauti juu ya gari. Aliyechukua arudishe ndani ya siku tatu au saba, hata usiku, hata akiacha mlangoni. Muda ukipita, itasomwa. Jina la mtu halitajwi. Anatajwa “aliyechukua, aliyemtuma na anayejua akaficha”, kama alivyofanya Basilia.

Kazi kubwa ya albadiri hufanyika katika siku zile za tangazo. Mwenye kujua hili hashangai kwamba vitu vingi hurudi kabla ya ubani kuwashwa. Mwizi hajui mwenzake gani ataogopa kwanza, mama mwenye nyumba anamkagua kijana wake, fundi aliyenunua simu kwa bei ya kutupa anaitoa nje haraka. Ndiyo maana mtu akisomewa albadiri kimyakimya bila tangazo wazee huliona hilo ni kosa, na ni kosa kweli: umeruka hatua yenye nguvu kuliko zote na kumnyima mkosaji nafasi ya kurudi. Kosa la pili ni kutaja jina kwa kukisia. Hapo umetoka kwenye laana ukaingia kwenye kashfa, na kama mtaa una hasira, kwenye fimbo na matairi. Masheikh wengi, tena wa pande tofauti, wanaipinga albadiri yenyewe. Wengine wanasema kuomba kwa kupitia watu wema kuna nafasi yake lakini kumwombea mtu uvimbe wa tumbo au wazimu hakuna. Sitauamua ubishi huo hapa. Naeleza namna inavyoendeshwa.

Ukivunjavunja laana ya namna hii unapata viungo vitano. Kuna mwenye haki, yaani mtu aliyedhulumiwa kweli au mwenye mamlaka juu ya mlaaniwa. Kuna kosa lililotajwa waziwazi. Kuna neno “kama” au “aliye”, sharti linaloifanya laana imtafute mwenye kosa peke yake. Kuna adhabu. Na kuna mlango wa kutokea: mpaka alete joho, mpaka arudishe, mpaka aombe radhi. Kiungo kimoja kikikosekana, kilichobaki ni matusi au uchawi. Uchawi hasa ndio hukosa ule wa kwanza na ule wa mwisho. Mchawi hana haki juu yako, hakutangazii, wala hakupi muda. Kijicho hakina hata maneno. Na nuksi haina mwenyewe kabisa, ndiyo maana mtu akiamka vibaya husema ana nuksi wala hasemi amelaaniwa.

Dini zenyewe zimeweka sharti la haki kwa ukali kuliko watu wanavyodhani. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, laana ikitamkwa hupanda mbinguni ikakuta milango imefungwa, hushuka ardhini ikakuta imefungwa, huenda kulia na kushoto, na ikikosa njia humwendea aliyelaaniwa kama anastahili. Asipostahili, humrudia aliyeitamka. Mithali 26:2 nayo inasema laana isiyo na sababu hurukaruka kama ndege na haimpigi mtu. Kwa hiyo mlaani naye yuko kizimbani. Ni kiungo hiki ndicho kinachozuia watu wenye akili kutamka ovyo, na ndicho wahubiri na waganga wengi hukiacha nje wanapokuuzia kinga.

Sasa soma Kumbukumbu la Torati 27 ukiwa na swali la shahidi kichwani. Makabila ya Israeli yamegawanywa, mengine mlima Gerizimu kwa baraka, mengine mlima Ebali kwa laana. Walawi wanatamka laana kumi na mbili kwa sauti kuu, na baada ya kila moja watu wote wanaitikia Amina. Anayelaaniwa ni nani? Anayetengeneza sanamu na kuiweka kwa siri. Anayehamisha mpaka wa jirani yake. Anayempoteza kipofu njiani. Anayempiga mwenzake kwa siri. Kuna na yule anayelala na ndugu wa karibu, jambo la chumbani, na anayepokea rushwa ili amwue asiye na hatia. Mtu aliyeiba ng'ombe mchana mbele ya watu hayumo. Huyo ana sheria yake sehemu nyingine, analipa. Jiwe la mpaka likisogezwa hatua mbili usiku nani atathibitisha? Wote waliosema Amina wamejilaani mapema, kila mtu kwa kosa atakalolifanya peke yake. Sijaona sheria iliyotungwa kwa werevu zaidi ya hapo kwa kijiji kisicho na polisi.

Hapo tumeingia kwenye kiapo, ambacho ni laana mtu anayojielekezea mwenyewe. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mfano wake kamili ni liani, Suratun-Nur aya ya 6 hadi 9. Mume anamtuhumu mkewe zinaa naye hana mashahidi wanne. Anaapa kwa Mwenyezi Mungu mara nne kuwa anasema kweli, na mara ya tano anasema laana ya Mwenyezi Mungu imshukie akiwa mwongo. Mke anaiondoa adhabu kwa kuapa mara nne kuwa mumewe ni mwongo, na ya tano kwamba ghadhabu ya Mwenyezi Mungu imshukie yeye ikiwa mumewe amesema kweli. Baada ya hapo ndoa imekwisha. Kwa wanazuoni walio wengi hawaoani tena milele, na mtoto aliyekanwa hanasibishwi na mume. Kadhi hakumwamini huyu wala yule. Ameifunga kesi asiyoweza kuiamua.

Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas habari ya Hilal bin Umayya na mkewe walipoapa mbele ya Mtume. Mke alipoapa mara nne, waliohudhuria walimsimamisha kabla ya ile ya tano, wakamwambia hii ndiyo inayofunga. Akasita, akarudi nyuma, mpaka wakadhani ataacha. Kisha akasema hatawafedhehesha watu wake siku zote zilizobaki, akaimaliza. Utaratibu mzima umeundwa kwa ajili ya kusita kule. Kiapo kizuri kina ngazi, kinapanda polepole, na kinamwachia mwapaji ngazi moja ya kushukia kabla mlango haujafungwa. Anayeapisha kwa haraka, “sema wallahi tumalize”, ameharibu chombo.

Wakamba wa Kenya wana kithitu, chombo cha kuapia. Ni kitu kilichotiwa dawa, hakikai ndani ya nyumba ya watu, na mwapaji hukigonga kwa vijiti huku akitamka kwamba akiwa amesema uongo kithitu kimle. Baada ya hapo ni kusubiri, na kila msiba unaotokea upande mmoja unahesabiwa. Ugumu wa kithitu uko hapo: hakimli mwapaji peke yake, kinapita ukoo. Mchuma janga hula na wa kwao. Kwa mantiki ya zamani hiyo ilikuwa faida, maana ndugu wa mtu wangemkalia kitako usiku kucha aseme kweli kabla hajawaponza. Kwa mantiki ya mahakama ni dosari kubwa. Sheria ya viapo ya Kenya, iliyorithi maneno ya sheria ya India ya mwaka 1873, inaruhusu mtu kuapa kwa namna inayoheshimiwa na watu wake iwapo kiapo hicho hakipingani na haki wala staha, na iwapo hakidai kumgusa mtu wa tatu. Hayo maneno ya mwisho ndiyo kikwazo cha kithitu, na naona waliyaandika kwa makusudi.

Kuna tofauti moja inayosahaulika kati ya kiapo na kinywaji cha kupimia. Hesabu 5 inaeleza mume mwenye wivu asiye na ushahidi. Anampeleka mkewe kwa kuhani na sehemu ya kumi ya efa ya unga wa shayiri, kama lita mbili hivi, bila mafuta wala ubani. Kuhani anatia maji matakatifu kwenye chombo cha udongo, anachota vumbi la sakafu ya maskani na kulitia humo, anafungua nywele za mwanamke, anamsomea laana, naye anajibu Amina, Amina. Laana zinaandikwa, wino unaoshwa ndani ya maji yale, mwanamke anakunywa. Msomaji wa pwani atakumbuka kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi ya waridi, mgonjwa akanywa. Vitendo vinafanana, nia zinapingana, kombe ni ya kuponya.

Angalia sasa kilichomo kwenye kile chombo: maji, vumbi, wino kidogo. Hakuna sumu. Ili mwanamke aonekane na hatia, tumbo livimbe na paja lipooze, lazima muujiza utokee. Linganisha na mwavi, uliotumika sehemu za kusini mwa Tanzania, Malawi na Msumbiji. Gamba la mti huo hutwangwa na kulowekwa, na lina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Akitapika hana hatia. Asipotapika amekufa, na kufa kwake ndiyo hukumu. Huko anayehitaji muujiza ni asiye na kosa. Vitabu vingi vinaviweka viwili hivi kapu moja, “majaribu ya kale”. Mimi siviweki. Kimoja kinamlinda mwanamke na ngumi za mume mwenye hasira kwa kumpeleka mbele ya watu akanywe maji machafu; kingine ni kuua. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inaeleza kwamba rabi Yohanan ben Zakkai aliisimamisha desturi ile ya maji machungu wazinzi walipozidi. Utaratibu unaotegemea aibu haufanyi kazi pale wengi wasipoona aibu.

Kuhusu mamlaka ya mlaani Waswahili wana neno lao: dua la kuku halimpati mwewe. Maneno hayo husemwa na mwewe zaidi kuliko kuku, nafikiri. Katika mila nyingi za Afrika Mashariki yupo kuku mmoja ambaye dua lake linampata mwewe, naye ni mama. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku, kiongozi aliyepinga ukoloni, aachiwe, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake mbele ya wanaume waliokuwa wakisitasita. Muda mfupi baadaye polisi walifyatua risasi naye akawa miongoni mwa waliokufa. Miaka sabini baadaye, tarehe 3 Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamekaa Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakiwa katika mgomo wa kula. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo mbele ya vijana wa umri wa watoto wao. Kwa Wakikuyu hiyo ni laana kamili: mwenye haki ni aliyekuzaa, au aliye sawa na aliyekuzaa, na unalazimishwa kuona ulikotoka. Askari waligeuza nyuso. Mgomo uliendelea ndani ya kanisa kuu la All Saints, na mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliachiwa. Shinikizo lilitoka pande nyingi, sitasema laana ndiyo iliyofungua magereza, ila kila mtu Nairobi alielewa kilichotamkwa bila kutafsiriwa.

Laana inaharibika vibaya kuliko kote inapokatwa mlango wa kutokea na kuachiwa ipite vizazi. Mfano mkubwa ni Mwanzo 9. Nuhu amelewa, Hamu ameona uchi wa baba yake, Nuhu anaamka na kulaani. Anamlaani nani? Kanaani. Hamu alikuwa na wana wanne, Kushi, Misri, Putu na Kanaani, na aliyetajwa ni huyo mmoja tu. Rangi ya ngozi haimo kwenye sura hiyo wala iliyofuata. Hata hivyo watetezi wa utumwa nchini Marekani katika karne ya 19 waliihubiri kama hati ya kummiliki mtu mweusi. Kisha nadharia ikageuzwa juu chini: wasafiri kama John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, wakadai watawala wa maziwa makuu ni kizazi kilichohamia kutoka upande wa Uhabeshi, na wasomi waliofuata wakawaita hao “Wahamu”, watu wa kuja, bora kuliko wenyeji. Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho vya Rwanda miaka ya 1930. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, yaani wakiwa maiti. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016. Mstari mmoja wa mzee mlevi, uliosomwa vibaya na watu waliotaka kuusoma vibaya.

Toleo dogo la kosa hilo linauzwa kila Jumapili kwa jina la laana ya ukoo. Linategemea Kutoka 20:5, uovu wa baba kupatilizwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne, na linaruka Ezekieli 18, sura nzima inayokataza kusema baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Kurani nayo ina lake, hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Linaloniudhi hapa ni la kiafya zaidi kuliko la kitheolojia. Ukoo ambao watoto wanavimba vidole vya mikono na miguu kabla ya kutimiza miaka miwili, wanalia maumivu ya mifupa, macho yanakuwa ya njano, na kila mama amezika mmoja, mara nyingi ni ukoo wenye selimundu, au sikoseli. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huo. Baba na mama wote wawili wakiwa wamebeba chembe moja ya urithi wanaonekana wazima kabisa, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa kuzaa mgonjwa. Kila mimba upya. Mtoto wa kwanza akiumwa haimaanishi watatu wanaofuata wamesalimika. Kipimo cha damu cha kutenganisha hemoglobini kinajibu swali ambalo mkesha wa siku arobaini haujibu, na penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano pamoja na haidroksiyurea hubadilisha maisha ya mtoto.

Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, nitampitia haraka. Kaburi lilipatikana Novemba 1922, chumba cha maiti kikafunguliwa Februari 1923, na Lord Carnarvon, aliyegharamia uchimbaji, akafa Cairo tarehe 5 Aprili baada ya kuumwa na mbu, kujikata kidonda hicho kwa wembe na damu kuingia vijidudu. Gazeti la The Times lilikuwa na mkataba wa kupata habari za kaburi peke yake. Mengine hayakuwa na cha kuandika, yakaandika laana. Howard Carter mwenyewe, aliyeongoza uchimbaji, alikufa mwaka 1939 akiwa na miaka 64. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la Uingereza lilichapisha utafiti wa Mark Nelson: Wazungu 25 waliokuwapo wakati wa kufungua waliishi kwa wastani mpaka miaka 70, na tofauti yao na wenzao wasiokuwapo haikuwa na maana kitakwimu. Ipime kwa viungo vyetu vitano na hata bila takwimu inaanguka: hakuna maneno ya laana yaliyoandikwa mlangoni, hakuna sharti, hakuna mlango wa kutokea. Beti ya kaburi la Shakespeare pale Stratford, ya mwaka 1616, imetimia zaidi; ina sharti na kosa, anayeisogeza mifupa yangu alaaniwe.

Kilichobaki ni kuondoa laana, na hapa watu hukosea mpangilio. Kitu kwanza, maneno baadaye. Aliyemlaani mtu kwa sababu ya shamba hawezi kuombwa radhi huku shamba bado linalimwa na mkosaji. Fiqhi inasema vivyo hivyo: haki ya mja haiondoki kwa toba peke yake, hurudishwa kwa mwenyewe, akiwa amekufa hupewa warithi, na asipojulikana kabisa hutolewa sadaka kwa ajili yake. Kisha huenda wazee wawili watatu kuzungumza kwa niaba ya mkosaji, maana akijipeleka peke yake ugomvi huanza upya. Mlaani mwenyewe ndiye anayefungua, kwa mdomo wake, mara nyingi kwa kumpulizia maji au mate kichwani na kusema nimekuwia radhi. Hatumi mtu. Ndiyo sababu Wakikuyu huogopa sana kirumi, neno la mzazi anayekata roho: mwenye ufunguo ameondoka nao.

Aliyejilaani kwa kiapo njia yake ni nyepesi zaidi kwenye karatasi. Kafara ya yamini, yaani ya kiapo, imetajwa katika Suratul-Maida aya ya 89: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Wengi huanza na saumu kwa kuwa haina gharama, na hapo kafara imebatilika kama uwezo wa kulisha upo. Aliyeapa uongo kuhusu jambo lililokwisha kupita, kwa madhehebu mengi hana kafara, ana toba tu kwa ukubwa wa dhambi. Mashafii, wanaofuatwa na wengi pwani, wanamdai vyote viwili, toba na kafara. Kila maskini kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa mjini, mchele au unga, na wawe watu kumi kweli. Vibaba kumi kwa mtu mmoja havijatosha. Hesabu itokane na majina, kila jina na kibaba chake.